Majengo ya Wapi?

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za kidato cha pili, kazi ambayo walimu wenzangu wanaujua utamu na uchungu wake, nikafika kwenye sentensi hii: "Usiku ule Majengo yaliteketea." Mkono wangu haukungoja amri. Wino mwekundu ukalikata neno "yaliteketea" na juu yake nikaandika "paliteketea". Pembeni nikaongeza maelezo ya mstari mmoja kwamba jina la mahali huchukua upatanisho wa mahali, kisha nikampunguzia mwandishi alama moja na kuendelea na daftari lililofuata.

Kesho yake wakati wa mapumziko kijana huyo alikuja hadi kwenye chumba cha walimu, daftari mkononi. Si mtoto wa maneno mengi. Aliamkia, akasimama kando ya meza yangu, akasema, "Mwalimu, sikukosea. Nyumba ndizo zilizoungua. Mahali bado pako."

Nilimtazama kwa muda. Ndipo nikakumbuka kwamba moto anaousimulia haukuwa wa kubuni. Ulikuwa umeteketeza safu nzima ya nyumba za mabati karibu na soko la Gikomba, na kwao ilikuwa mojawapo ya nyumba hizo. Kitanda, sare ya shule na cherehani ya mamake vilikwenda na moshi. Nilimrudishia alama yake. Lakini neno lile likanikaa kichwani, maana mimi pia ni mtoto wa Majengo. Si hiyo yake, nyingine.

Tuanze na sarufi, maadamu ndiyo iliyotufikisha hapa. Jengo ni nomino iliyochipuka kutoka kwa kitenzi jenga. Wingi wake ni majengo, na wanafunzi wote wanajua kwamba tunasema jengo hili, majengo haya. Jengo limeanguka, majengo yameanguka. Kamusi za zamani humpa msomaji maana nyingine pia: majengo ni vifaa vya kujengea, yaani miti, fito, kamba na makuti ambavyo fundi huvikusanya kabla ya kazi kuanza. Sasa neno hilohilo likipewa herufi kubwa na kuwa jina la mtaa, tabia yake hubadilika. Tunasema Majengo kumetulia leo, au Majengo pamejaa watu, kama tusemavyo Lamu pamejaa wageni. Sikatai kwamba wengi mitaani wangesema "imejaa" na wakaelewana vizuri. Hata hivyo darasani tunashikilia pa- na ku-, nami bado naona tunafanya vyema. Nilichosahau siku ile ni kwamba zipo nyakati ambapo nyumba na mtaa hutengana, na mtu akataka kutaja kimoja bila ya kingine.

Je, msomaji, umewahi kuzihesabu Majengo unazozijua? Mombasa iko Majengo kisiwani, nje ya Mji wa Kale, na ng'ambo ya feri kule Likoni iko Majengo Mapya. Ukifuata barabara ya Malindi, baada ya Mtwapa utapita Majengo ya Kanamai. Nairobi iko Majengo ya Pumwani, jirani ya Gikomba. Nyeri iko, nami ndiko nilikozaliwa. Nanyuki iko. Katika Kaunti ya Vihiga, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, pale inapochepuka njia ya Luanda, iko Majengo ya Maragoli ambayo ni soko na kituo cha magari. Vuka mpaka uingie Tanzania utaikuta Moshi, utaikuta Songea, na Dodoma utaikuta pamoja na soko lake kubwa la vyakula. Nenda mpaka Goma, mashariki mwa Kongo, penye Kiswahili chenye lafudhi yake tofauti, nako utakuta mtaa uitwao Majengo katika wilaya ya Karisimbi. Mji wa Goma ulipotwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, nilikuwa nikisikiliza redio nikashtuka moyo kulisikia jina la kwetu likitajwa pamoja na milio ya risasi. Ilinichukua muda kujikumbusha kwamba si kwetu.

Bila shaka si zote zilizozaliwa kwa njia moja. Ile ya Maragoli ni maduka yaliyokua kando ya njia, na anayekwambia "nashukia Majengo" pale hana habari na historia nitakayoieleza hapa. Lakini nyingi za mijini, hasa za Kenya, zina ukoo mmoja, nao unastahili kuelezwa kwa vijana wanaodhani kwamba mtaa wa mabanda huota wenyewe kama uyoga.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Nyuma ya reli walikuja wapagazi, askari, wapishi, madobi, wachuuzi na mafundi, wengi wao wakitoka pwani au wakiwa wamesilimu njiani na kushika Kiswahili kama lugha ya nyumbani. Watu hawa walijijengea vijiji kando ya mji mpya: Pangani, Mombasa, Maskini, Kileleshwa. (Naam, Kileleshwa. Anayekaa huko leo nyuma ya ukuta na mlinzi huenda hajui kwamba jina hilo liliwahi kuwa la kijiji cha Waafrika wa kawaida.) Serikali ya kikoloni haikupenda vijiji visivyo na mstari wala daftari. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikatenga eneo mashariki ya mji, ikakata viwanja, ikawaambia Waafrika waliotaka kukaa Nairobi wajenge huko. Eneo hilo ndilo Pumwani. Vijiji vya awali vikavunjwa kimoja baada ya kingine. Pangani ndiyo iliyodumu zaidi, nayo ikavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930.

Ajengaye hujenga kama ajuavyo. Wakazi wa Pumwani walisimamisha nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu unaopasua katikati, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma penye jiko na choo. Kuta zilikuwa za fito na udongo, na mapaa mengi yalikuwa ya madebe ya mafuta ya taa yaliyonyooshwa kwa nyundo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Lakini angalieni jambo hili, nanyi walimu wa historia msilipite haraka: mwenye nyumba alimiliki kuta na paa. Ardhi haikuwa yake. Ilikuwa ya halmashauri ya mji, naye alikuwa na ruhusa tu ya kukaa. Alikuwa na jengo, hakuwa na mahali.

Mombasa nako, kwa sababu tofauti, mambo yalikuwa yayo hayo. Majengo ya Mombasa ilipanuka pale Mji wa Kale ulipojaa, na watu wakajenga juu ya ardhi ya matajiri wenye hati, wakilipa kodi ya uwanja kila mwezi. Nyumba bila ardhi: hivyo ndivyo mpango huo ulivyokuja kujulikana. Ukiiuza nyumba yako unauza mawe, boriti na mabati. Kilicho chini yake si chako kuuza. Na mwenye ardhi akifa, warithi wakaamua kuuza, wewe uliyezaliwa pale, na babako akazaliwa pale, unaitwa mpangaji.

Rai yangu, na nitaishikilia mpaka nionyeshwe bora kuliko hiyo, ni kwamba jina hili limesambaa hivi kwa sababu linasema kweli. Halisemi mlima, wala mto, wala mti, wala jina la aliyetangulia kufika, kama yafanyavyo majina mengine ya mahali. Linataja tu kile ambacho wakazi waliweza kukiita chao. Ndiyo maana kijana wangu alipoandika "Majengo yaliteketea" hakuwa ameandika makosa ya ngeli. Alikuwa ameandika mali yote ya mamake.

Jina likishaenea halikai na maana moja. Kwa watu wa mashambani waliouzunguka mji wa Nyeri nilipokuwa mdogo, Majengo ilimaanisha Waislamu. "Mtoto wa Majengo" alikuwa mtoto wa kanzu na kofia, hata kama babu yake alikuwa Mkikuyu aliyezaliwa nyuma ya kilima kilekile. Kwa akina mama waliotuuzia viazi, Majengo ilimaanisha wateja wa chapati na pilau. Kwa polisi wa kikoloni waliodai kipande, na kwa wengine waliokuja baadaye, ilimaanisha mahali pa kutafutia mtu aliyepotea. Kwetu sisi ilimaanisha baraza la nje, ambako watu wa makabila manane walizungumza lugha moja bila ya kuulizana walikotoka. Naambiwa siku hizi umoja wa kitaifa una somo lake na vitabu vyake. Sisi tulikuwa nao pale barazani, tukidhani ni jambo la kawaida.

Kwa wataalamu wa ng'ambo, jina hilo lina maana nyingine tena. Mwanahistoria Luise White alichapisha kitabu mwaka 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi ya ukoloni waliouza miili yao, akaonyesha jambo ambalo wengi hawakutaka kulisikia: kwamba wanawake hao walikuwa wakijenga nyumba Pumwani, wakiwa wenye nyumba kwa haki yao wenyewe, pesa zao zikisomesha ndugu na kununua mifugo kwa wazazi. Halafu tangu katikati ya miaka ya 1980 madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, waliwafuatilia kwa miaka mingi wanawake wa Majengo walio katika biashara hiyo, wakagundua kwamba wachache miongoni mwao hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI ingawa walikabiliana navyo mara kwa mara. Mwaka 1996 habari hiyo ilitoka katika jarida la Lancet, na damu ya wanawake hao ikawa tumaini la watafiti wa chanjo. Mimi husoma makala za namna hiyo kwa moyo uliogawanyika. Ni heshima kwa wanawake waliotoa mikono yao kudungwa sindano mwaka baada ya mwaka kwa faida ya wengine. Lakini msomaji wa London au Chicago aliyekutana na neno Majengo humo tu, atajua nini juu ya madrasa, mafundi cherehani, na wazee wa bao?

Tena iko maana ya karibuni ambayo ni nzito kuliko zote. Februari 2014 polisi waliuvamia Msikiti wa Musa ulioko Majengo, Mombasa, watu wakauawa na vijana wengi wakakamatwa. Kwa majuma kadhaa jina hilo lilikuwa katika kila taarifa ya habari, likitajwa pamoja na ugaidi. Nilikuwa Nyeri siku hizo kumwona mgonjwa. Katika matatu, jirani yangu wa kiti aliniuliza niendako. Nilipomjibu, alinyamaza, akausogeza mkoba wake mapajani. Kutoka Nyeri hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 600.

Nimesema jina hili ni moja na mahali ni pengi. Niruhusuni nieleze jinsi nilivyolijua hilo kwa gharama.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya Maragoli, karibu na Majengo ile ya sokoni. Baba alikuwa Majengo ya Nyeri, fundi cherehani, na dadake, shangazi yangu, alikuwa ameolewa Majengo ya Nairobi. Alhamisi moja adhuhuri nililetewa simu ya maandishi. Vijana wa leo hawaijui simu hiyo: uliandika ujumbe katika posta, ukalipia kwa kila neno, nao ukafika siku hiyohiyo au ya pili yake, maneno machache juu ya karatasi. Yangu ilisema: BABA MGONJWA SANA NJOO MAJENGO UPESI. Jina la shangazi likafuata.

Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikapanda basi la usiku. Alfajiri ya Ijumaa tuliingia Nairobi, katika stendi ya mabasi ya mashambani. Nilikunywa chai ya haraka kwenye kibanda, nikaenda River Road kutafuta gari la Nyeri. Pale nilipokunywa chai ni mwendo wa nusu saa kwa miguu hadi mlango wa shangazi.

Nilifika Nyeri karibu na sala ya Ijumaa, nikaukuta mlango wetu una kufuli. Jirani, mama mmoja wa makamo aliyetulea sote, alitoka akiwa amejifunga leso. "Mwanangu, umepitia wapi? Babako alipelekwa kwa dadake Nairobi wiki ya pili hii, apate daktari." Sikuingia hata ndani. Niligeuka na gari lilelile lililonileta.

Niliufikia mlango wa shangazi magharibi ikiadhiniwa. Baba alikuwa amefariki saa tatu asubuhi. Sisi hatumchelewishi maiti. Baada ya sala ya alasiri walikuwa wamemzika katika makaburi ya Waislamu ya Kariokor, mahali ambapo jina lake, kwa walio na hamu ya kujua, linatokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Shemeji alinipeleka huko na kurunzi. Udongo ulikuwa bado unyevu.

Katika siku za matanga nilikuwa na hasira, na hasira hiyo niliielekeza kwenye neno moja lililokosekana. Kwa nini hakuandika Nairobi? Ni neno moja, ni senti chache. Nilidhani alibana matumizi. Siku ya arubaini nilithubutu kumuuliza, kwa adabu, nikimzunguka. Shangazi alinitazama kama asiyeelewa swali.

"Niandike Majengo ya wapi tena, baba? Majengo si hapa?"

Hakuwa bahili. Alikuwa amekaa mtaa huo tangu akiwa bibi harusi, na kwake Majengo ilikuwa moja duniani. Kule tulikozaliwa yeye na ndugu zake alikuita Nyeri, au nyumbani. Mimi nami, niliyekulia Nyeri, sikuwa hata nimefikiri kwamba neno lile lingeweza kuwa na mahali pengine, wakati nilikuwa nikifundisha hatua chache kutoka Majengo ya tatu na kununua sabuni huko kila Jumamosi. Kila mmoja wetu alikuwa na Majengo yake, na kila mmoja aliona kwamba ndiyo Majengo.

Baadhi ya wasomaji watasema dawa ni kubadilisha majina. Nimewahi kuyasikia mapendekezo hayo katika mikutano, yakitolewa na watu wenye nia njema: mtaa upewe jina jipya, la shujaa au la ua, ili watoto wasione haya. Napinga. Nimewaona wahitimu wetu wakijaza fomu za kazi. Wa Nairobi huandika Kamukunji au Shauri Moyo. Wa Mombasa huandika Tononoka, ambayo ni jirani. Wa Nyeri huandika mjini tu. Siwalaumu, maana mwajiri naye ana macho. Lakini anayesoma fomu hizo ndiye mwenye la kujifunza, na jina jipya halitamfunza. Litampa tu muda kidogo kabla hajalizoea na kuliogopa nalo.

Ninalotaka mimi ni dogo zaidi, na lina gharama. Katika Majengo hizi za kwetu, wako wazee wanaolala juu ya ardhi isiyo yao baada ya vizazi vitatu au vinne. Wapewe hati. Hapo jina litaendelea kuwa lilelile, ila kitu kinachoitwa kwa jina hilo kitakuwa kimebadilika. Nanyi walimu wa Kiswahili na jiografia, mnapofundisha majina ya mahali, watumeni wanafunzi kwa wazee wa mtaa wao wakaulize nani alijenga nyumba ya kwanza, kwa miti ya wapi, na kwa ruhusa ya nani. Fanyeni hima, kwa kuwa wanaoweza kujibu swali hilo wamebaki wachache sana.

Yule kijana wa insha alimaliza kidato cha nne. Mamake alipata cherehani nyingine ya mkopo, na nyumba ikasimamishwa tena palepale, kwa mabati mapya na miti ya zamani iliyookolewa. Siku alipokuja kuchukua cheti chake alinikuta ofisini, nikampa fomu ya shule ajaze anwani ambayo tungempata kwayo baadaye. Aliandika Majengo. Karani aliyekuwa kando yangu akainua kichwa, akamuuliza, "Majengo ya wapi?"

Kijana akanitazama mimi, akacheka, kisha akairudia fomu na kuongeza neno la pili.